Fimbo Ilikuwa Moja

Jumanne, mwezi wa nane, 1975

Upepo haujatulia tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka ndani ya chungu. Salima amelala. Naandika upesi kabla hajaamka kudai ziwa.

Nina wivu. Naandika hivyo hivyo, maana mdomoni neno halitoki.

Baba Salima yuko mahabusu siku ya sita sasa, na kesho anasimama mbele ya hakimu. Alimvunja mkono Njiku, shemeji yake Zuhura. Zuhura ndiye yule mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, tangu tulipohamishiwa kijijini tukapangwa mistari. Kule tulikotoka kila mtu alikuwa na boma lake mbali. Hapa ukikohoa, jirani anakupa pole. Balozi wa nyumba kumi alimpangia mume wangu kumalizia paa la Zuhura. Kazi ya siku mbili. Ikafika siku ya tano.

Siku hiyo niliacha mtama kinuni, nikamfunga mtoto mgongoni, nikajificha nyuma ya lundo la mabua uani kwa Zuhura.

Ndiyo. Nilimpeleleza mume wangu.

Nikamwona Njiku akija kumchukua Zuhura amrithi, kwa kuwa ni mke wa marehemu kaka yake. Zuhura akakataa. Njiku akamkamata mkono, akachomoa panga, akalinyanyua. Baba Salima akaruka kutoka juu ya paa, akaokota fimbo yake, akaupiga ule mkono wenye panga. Mara moja. Panga likaanguka. Akalikanyaga, fimbo akaitupa kando.

Halafu Zuhura akamlalia begani akalia, naye akamwacha alie. Nikarudi nyumbani nikatwanga mpaka viganja vikachubuka.

Hakuna mwingine aliyeona. Njiku anadai alipigwa mara tatu, mbili panga likiwa limekwisha kuanguka. Jana karani wa mahakama alinieleza: "Sikiliza, mama. Kumkinga mtu asiuawe si kosa. Lakini sheria inataka upige kiasi cha kuzuia hatari. Hatari ikishaisha, fimbo inayofuata ni kosa lako."

Na Zuhura, ambaye ndiye angemwokoa? Nimemsikia leo asubuhi kisimani.

"Tatu, jamani!" anasema, kanga kaiacha iteleze begani. "Njiku yuko chini, yeye bado anamshushia tu! Nani mwingine hapa angenipigania hivyo?"

"Mama Salima," Mama Juma akanigeukia, "kumbe umeolewa na simba! Mbona kwako hangurumi?"

Wakacheka. Nikajitwika ndoo haijajaa, nikaondoka.

Zuhura anamfunga mume wangu kwa kujisifu, wala hajui. Na mimi ninayejua nikawaza jambo baya: akifungwa, paa la Zuhura halitamwona tena. Nililiwaza nikiwa nimempakata mtoto wa mume wangu huyo huyo.

Mchana nikampelekea Baba Salima ugali na mlenda mahabusu. Amekonda. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Salima, nilimpiga mara moja tu."

Nikatazama chini. "Nitajuaje mimi? Sikuwepo."

Akamega tonge, akalirudisha. Kisha akauliza, "Jino la mtoto limeshatoka?"

Nimelia njia nzima.

Ningekuwa mimi niliyenyanyuliwa panga, angeruka kutoka juu ya paa vile? Nadhani angeruka. Nataka sana kuamini angeruka.

Nimeamua. Kabla ya kurudi nyumbani nilipita kwa karani wa mahakama, nimemwambia aandike jina langu kwenye mashahidi. Kesho hakimu ataniuliza, ulikuwa unafanya nini nyuma ya mabua? Nitajibu mbele ya watu wote: nilikuwa namvizia mume wangu, kwa wivu. Watacheka mpaka walioko nje. Kisimani watanitungia wimbo. Na yeye mwenyewe atasikia kwamba nilimfuata, na kwamba leo nilimdanganya usoni. Akiachiwa, sijui atanitazama vipi. Sijui hata kama atakuja nyumbani kwanza au atapita kumpa pole mjane.

Lakini fimbo ilikuwa moja. Zuhura simwongezei hata nusu ya kujisifia.