Kadi za Penseli

Iringa, Jumanne 14 Agosti 1973

Tuli, karani mwenzangu, amenicheka tena mbele ya masjala nzima. Nilipoanzisha kadi za kutafutia mafaili ya viwanja, nilisema tuziandike kwa penseli mpaka zithibitike, ndipo tutie wino na kuacha daftari la zamani.

"Kaka, wakati ule nilikuwa na mimba. Mtoto sasa anakimbia, kadi zako bado zinatambaa!"

Nikajitetea kwamba zikishakuwa rasmi halafu faili la mtu likapotea, nitaulizwa mimi.

"Basi lete hilo daftari unaloliamini."

Nimelitafuta nusu saa. Lilikuwa chini ya birika la chai, na mara ya mwisho kuandikwa ni mwaka jana, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Kumbe mwaka mzima tumetegemea penseli tu. Hakuna faili lililopotea, lakini mtu mwenye kifutio angeweza kumnyang'anya mwenzake kiwanja cha Mlandege, nasi tusijue. Hilo limenitia baridi kuliko upepo wa leo. Nami nilijiona mwangalifu!

Nimemwambia Tuli kwamba kesho tunatia wino. Amepiga vigelegele.

Kadi za herufi A tu kwanza. Tuone.