Zuhura Wawili Kwenye Simu Yangu

Jumanne, mchana. Mawingu mazito juu ya ziwa, upepo hakuna kabisa.

Zuhura mwanangu, hujambo? Baba yako hajambo, yuko kazini Kirumba. Bibi yako hajambo, ila miguu tu. Anakuitikia marahaba kabla hujamwamkia. Mdogo wako Mwajuma hajambo, na kikohozi kimeisha. Mimi mwili mzima, moyo ndio sijui.

Naandika kwenye blogu hii uliyonifungulia, kwa kompyuta ya Dada Bhavna mwenye steshenari hapa Mabatini. Simu yangu nimeizima. Naandika yote, na majirani wasome.

Kosa ni langu. Wiki iliyopita, kuokoa bando, nilimwomba jirani anirushie kutoka simu yake ile programu ya kuandikiana, kama tunavyorushiana mtaa mzima. Jina lile lile la programu halisi, picha ile ile, hata ukubwa.

Leo asubuhi nilipokutajia, ukasema Bhavna alitoe lile faili la programu kwenye simu yangu, kompyuta ioneshe alama yake: mstari mrefu wa herufi na namba, kila faili na wake, kama alama ya dole gumba la mtu. Ukigusa kidogo tu ndani ya faili, mstari wote unageuka. Wewe unayo orodha ya alama za mafaili halisi. Nikakusomea kwa simu ya Bhavna.

"Mama, soma tena. Polepole."

"Nimesoma kama mtoto wa madrasa, we Zuhura!"

Nikarudia.

"Hili halimo, Mama. Halifanani hata mwanzo."

Nikacheka. Mbona linafanya kazi? Jana si uliniuliza humo Bibi analala chumba gani siku hizi?

"Jana sikukuandikia kitu."

Laini ikakatika, na tangu hapo hupatikani.

Mwanangu, nilimjibu.

Nikamweleza chumba, mlango usio na komeo, hata saa ninayotoka. Aliniita mamaa kipenzi, kama wewe. Alijua miguu ya Bibi. Bhavna anasema faili bandia husoma yote tuliyowahi kuandikiana. Na mimi nilifurahi, nikasema siku hizi Zuhura amekuwa mpole.

Ule ujumbe wa Ijumaa, wa "nimekukumbuka", ulikuwa wako?

Bibi nimemhamishia chumbani kwangu. Baba yako anakuja na komeo.

Nijibu haraka, leo hii hii. Ila usiandike. Piga kwa Bhavna, nikusikie sauti. Sitoki hapa.