Sentimita Ishirini na Mbili za Liva ya Gia

Mama Mghoi, mke wangu,

Nakusalimu kutoka Garissa, nimekaa kwenye ngazi ya lori na karatasi iko gotini. Hujambo wewe? Kifua cha mama kinaendeleaje na baridi ya huko Wundanyi? Na Mghoi, lile jino limeng'oka au bado analitikisa kwa ulimi mezani? Huku joto ni lile lile, maji ya bomba saa sita mchana unaweza kuyatia majani ya chai ukanywa. Mimi mzima, isipokuwa kitu kimoja, na ndicho kilichonifanya nitafute kalamu. Kwenye simu siwezi kukueleza. Wewe huweka sauti ya nje, mama anasikia, Mghoi anasikia, na jirani aliyekuja kuomba chumvi anasikia. Hii isome peke yako kwanza.

Unakumbuka mwaka juzi nilikwambia jeki iliteleza tukiwa Bura, mkono wa kushoto ukateguka? Haukuteguka. Rimu iliuangukia, kifundo kikavunjika, kikaunga vibaya. Vidole viwili havikunjiki. Vitatu vilivyobaki vinashika kikombe, sufuria havishiki. Nilipokuja Krismasi ulinicheka kwamba nambeba Mghoi upande mmoja tu kama gunia. Sasa unajua sababu.

Piga hesabu nami. Usukani uko kulia, gia ziko kushoto. Siku moja niliamua kuhesabu toka Garissa mpaka Elwak: nilibadilisha gia mara elfu moja mia moja na sitini. Zote kwa mkono huo. Na liva ya lori hili ilikuwa fupi na ngumu, inataka mtu aikamate kwelikweli. Mimi sikupelekwa shule ya udereva na mtu, wajua, nilianza kwa kuosha malori pale Voi, kila nilicho nacho nimejitafutia. Basi hata hili nikajitafutia. Nilinunua chuma, nikampelekea fundi wa kuchomelea, nikamsimamia mwenyewe. Tuliirefusha liva kwa sentimita ishirini na mbili, tukaipinda ije upande wangu, na juu badala ya kirungu tukaweka kipande cha bomba kilichokingama, nikakizungushia mpira wa tyubu. Ikawa sishiki tena. Nasukuma kwa kiganja, navuta kwa kigasha, bega ndilo linafanya kazi. Liva ikiwa ndefu inakuwa nyepesi, hilo halihitaji digrii. Madereva wenzangu walidhani ni mbwembwe. "Baba Mghoi amefungia lori mikono ya baiskeli!" Nikacheka nao. Miaka miwili nimeendesha hivyo na hakuna aliyejua kitu.

Kasoro ilikuwa moja, na niliijua tangu siku ya kwanza. Ukiingiza gia ya pili, lile bomba linakuja mpaka kwenye kiti cha katikati, pale magoti ya mtu yanapokaa. Kwa hiyo kiti hicho sikumpa mtu. Niliweka juu yake dumu la maji la lita ishirini, na aliyeuliza nilimwambia kiti kimevunjika.

Lakini mke wangu, hizi barabara si zetu. Huku lori halipiti mtu mzima kando ya njia katika jua likamwacha. Haliwezi. Habari ingefika Elwak kabla ya magurudumu yako. Wiki iliyopita tulikuwa tunarudi na mbuzi mia moja na arobaini wa Mzee Hirsi, mwenye lori. Dirishani alikaa Yusuf, msimamizi wa mzigo. Tukamkuta bibi mmoja amesimama peke yake na kibuyu cha maziwa, anaenda Garissa kwa binti yake aliyejifungua. Nikasimama. Nilidhani Yusuf atapanda juu ampishe dirishani. Yusuf ana kilo mia moja na kumi, hapandi popote.

"Derefa, toa hii maji," akaniambia. "Ayeyo atakaa wabi?" Ayeyo ndiyo bibi kwa lugha yao.

"Kiti kimevunjika, Yusuf."

Akakigonga kwa ngumi mara mbili. "Hii? Hii itazika sisi wote." Dumu likatupwa nyuma.

Bibi naye alikuwa chini ananisema. "Gari yako ndefu kama ngamia. Ngamia inabiga magoti, hii haibigi. Wewe mtu gani?" Tulimvuta juu, tukamkalisha katikati, kibuyu mapajani. Nilijua. Nakuapia Mama Mghoi, nilijua, na nilikaa kimya, kwa sababu ningesema ni kwa nini asikae pale, ningesema na habari ya mkono. Kuondoka palikuwa na mteremko, nikairuka ya pili, na njia tambarare haikuitaka tena.

Saa kumi hivi tukafika kwenye mto mkavu ambao juzi ulikuwa na maji. Kushuka tulishuka vizuri. Kupanda ng'ambo, mchanga ulikuwa bado una unyevu, lori likalemewa katika gia ya tatu. Nikakanyaga klachi, nikavuta ya pili, na bomba likakutana na goti la bibi. Nilikuwa na sekunde mbili, labda tatu. Ningetia bega lote lingeingia, lakini lingeingia na goti lake. Sikutia. Nikakanyaga breki, breki zikashika, mchanga ndio haukushika. Tulirudi nyuma taratibu, taratibu, mpaka magurudumu ya nyuma ya kushoto yakatoka ukingoni na lori likalala ubavu nusu. Watu wote wazima. Mbuzi kumi na mmoja walikufa, wamelaliwa na wenzao.

Nilitarajia nifukuzwe siku hiyo hiyo. Mzee Hirsi alifika, akatazama mbuzi, akasema ni kazi ya Mungu, hanidai hata mguu mmoja. Kisha akaingia ndani ya kebini, akaishika liva yangu, akatikisa kichwa. "Ni hii ndiyo imefanya. Mwanangu, gari irudi file ilizaliwa," yaani kama ilivyotoka kiwandani. Hakuuliza kwa nini niliirefusha. Hakuna aliyeuliza. Kama angenipigia kelele ningemjibu. Lakini mtu amekusamehe mbuzi kumi na mmoja, unamwambiaje kwamba yeye ndiye anayekumaliza? Nikimwambia mkono ni mbovu, hataniachia lori, na hata mimi ningekuwa yeye nisingemwachia mtu kama mimi. Nisipomwambia, ndiyo hiyo liva fupi.

Jumatatu ilikatwa. Fundi ni yule yule aliyeunga, na Mzee alisimama pale. Mimi ndiye niliyeshika chuma kikikatwa, kwa mkono wa kulia. Tuliporudisha kirungu cha zamani Mzee akauliza, "Iko sawa sasa?" Nikajibu iko sawa. Ijumaa napakia, naenda Elwak.

Tangu hapo kila asubuhi naingia ndani ya lori likiwa limezimwa, nakanyaga klachi, najaribu kutoka ya tatu kwenda ya pili, mara kumi. Jana ziliingia tano. Leo nne. Na hapa nimesimama, hakuna mzigo, hakuna mlima.

Binti wa yule bibi aliniletea maziwa jana. Bibi mwenyewe alikuwa naye, akanivuta kando akauangalia mkono wangu bila kuugusa. "Mimi nilikaa karibu," akasema. "Mkono hii imelala. Wewe ulichunga mguu yangu, na mimi nitachunga mdomo yangu." Basi ni yeye na wewe mnaojua. Ninamshukuru, lakini kunyamaza kwake kunanirudisha nyuma ya usukani.

Barua hii naitia kwenye basi la leo. Nijibu neno moja tu, niseme au ninyamaze. Mimi nimeshindwa kulipigia hesabu.

Nisalimie mama, umwambie dawa ya kifua anywe na asiifiche chini ya godoro. Nisalimie kaka yako fundi wa mabati, na shangazi anayekaa naye. Mghoi umbusu kwenye pengo, kama lipo. Kile kipande kilichokatwa nimekifunga ndani ya gazeti, kinakuja na barua. Kiweke juu ya kabati, mama asikione.

Ni mimi mumeo,
Baba Mghoi

Nimejaribu tena kabla ya kuifunga bahasha. Tatu. Usihangaike kunijibu, ninakwenda kwa Mzee Hirsi sasa hivi, wakati bado yuko nyumbani.