Zabibu Ndani ya Ngumi

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Chang'ombe tu wazima, ila tangu bibi yako asikie utapanda ulingoni Jumamosi, simu ikilia anashtuka.

Umeuliza niliongezaje kasi ya ngumi. Miaka ile mitumba iliporudi sokoni nilinunua glavu kuukuu, nikawa napiga hewa nimeshika mawe, nikidhani uzito huleta kasi. Mabega yakakakamaa. Zikiwa zimebaki siku tatu nipigane, kocha aliniwekea zabibu moja kila kiganja.

"Piga. Isipasuke kabla mkono haujafika."

Zote mbili zilipasuka mkono ukiwa bado kifuani.

"Unamwogopa mpinzani wako, eeh?" akacheka. "Woga ndio unaokukaza, bwana. Legea njiani, kaza mwishoni, rudisha upesi."

Nilimaliza kilo nzima. Siku ya pambano nilishindwa kwa pointi, lakini ngumi zangu zilifika. Woga haukuondoka, nilijifunza tu kutoufumbata.

Jumamosi tupigie mara utakaposhuka. Nimeshika zabibu mkono wa kushoto nikiandika haya. Imeshapasuka.

Babu yako