Tarehe Niliyomtajia Afisa wa Viza

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini hii itakufikia, maana barua zangu mbili za mwanzo hukuzijibu. Sisi hatujambo. Goti la mama limepata nafuu, cherehani yake bado inakata uzi, na mlango wa chumba chako nimeutia mafuta lakini unalia vilevile.

Chuo kimenikubali. Fomu ya viza nilijaziwa na yule jamaa wa steshenari tunayemwita Profesa. Alipofika penye ndugu, akaacha kuandika.

"Kaka yako alikwenda kusoma huko huko, akazamia. Wakijua yupo, wewe huendi popote. Tuandike marehemu."

Nikamtazama mama. Akasema, "Andikeni tu. Mwenyewe ataelewa."

Kwenye usaili, afisa akaniuliza ulifariki lini. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikamtajia siku uliyotupigia simu mara ya mwisho, miaka miwili iliyopita. Akasema, "Pole sana." Nikaitikia, "Nimeshapoa," na machozi yakanitoka, ya kweli kabisa.

Viza imetoka. Lakini tangu siku ile mama haulizi tena kama umepiga. Mlango wako ukilia, hageuki. Jana nimemkuta anayapunguza mashati yako mabegani, yanitoshe mimi.

Kaka, kama umetususa, basi endelea kutususa. Ila nijibu, hata mstari mmoja tu, nijue kwamba nilidanganya.

Ni mimi,
mdogo wako.