Darasa la Sosholojia Limekosa Watu

Jumatatu, 6 Septemba 1993
Chaki imeisha tena. Nimefundisha kwa mdomo tu. Mchana nikaenda posta kupiga simu chuoni Dar, kuthibitisha nafasi yangu ya uzamili. Mkuu wa idara alipokea mwenyewe.

"Mwalimu Nyabise, umebaki peke yako. Wenzako wote wamehamia biashara. Mkifika watatu nafungua darasa."

Nimeumia.

Jumatano, 8 Septemba
Kaka Mafuru alipita. Yeye anauza samaki aina ya sangara viwandani. Nilipomweleza, alicheka.

"Hama na wewe. Hao wa sosholojia wanakulaga nini?"

Nataka kuandika juu ya mama yetu na wenzake wa Kibara. Zamani walikausha samaki wakauza. Siku hizi minofu inachukuliwa na kiwanda, wao wanagombea mapanki, mifupa iliyobaki. Nikamwambia hivyo. Kaondoka bila kuaga.

Jumamosi, 11 Septemba
Nyegina, kwa Sista Paskazia. Tulisoma pamoja digrii ya kwanza. Hata sikumaliza maelezo. Amekubali, ruhusa ataiomba mwenyewe kwa wakubwa wake.

Bado mmoja.

Jumapili, 19 Septemba
Bunda. Bwana Magoti alikuwa afisa ustawi wa jamii, juzi juzi kapunguzwa kazi. Nilimkuta anapanga mitumba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, si hiyo hiyo sosholojia niliyokuwa naifanyia kazi? Wamenipunguza nayo."

Nimerudi Musoma na hasira. Si dhidi yake.

Ijumaa, 24 Septemba
Posta. Nimemwambia mkuu ukweli, tuko wawili. Akasema hataruhusiwa kufungua darasa. Nikalia pale pale, foleni nzima inanitazama.

Kisha akasema, "Njooni hivyo hivyo. Nitawafundishia ofisini kwangu. Kibali nitakipigania."

Alhamisi, 7 Oktoba
Kaka kanisindikiza stendi. Kabeba begi njia nzima. Basi lilipowashwa akasema, "Ukiandika ya mama, mimi usinitaje."

Nimemwitikia. Sijui kama nitaweza.

Jumatatu, 11 Oktoba
Dar. Chumba cha jirani ni darasa la biashara, waliokosa viti wamesimama madirishani. Sisi tupo ofisini kwa mkuu, katikati ya makabati. Feni mbovu.

Mkuu kavaa miwani, kafungua daftari, akaita majina.

Sista Paskazia. Yupo.

Nyabise.

Nipo.