Alkona na Wapiga Ramli

Jumatatu, 3 Machi

Vidole,

Nimeanza daftari lile lenye jalada gumu, ulilonunua ukasema ni la nyimbo na hukuandika ndani yake hata mstari mmoja. Samahani. Nina jambo la kucheka na sina wa kucheka naye.

Profesa amekuja dukani asubuhi na mashati matatu ya kupigwa pasi. Mpiga gitaa wa pili wa bendi yenu, yule anayevaa miwani ya kusomea hata pale asipokuwa na cha kusoma. Siku hizi gitaa limelala. Yeye anajirekodi kwa simu akizungumzia vinanda, watu wanamsikiliza. Wengi, anasema. Sikumuuliza wangapi.

Habari yenyewe ni hii. Kampuni iliyotengeneza kinanda chako, Alkona, imetoa picha moja. Moja tu! Kona ya kitu cha bluu, giza pande zote, na tarehe: 21 Machi. Hakuna neno lingine. Basi Profesa ameshajua yote. Jina la Alkona linarudi baada ya zaidi ya miaka thelathini. Kinanda kipya kitakuwa na vitufe vingapi, kitakuwa na uzito gani, nani atakipiga wa kwanza. Nikamuuliza ameyasoma wapi. Akaniwekea simu chini ya pua, akaikuza ile picha mpaka ikawa vumbi la bluu.

"Tazama hiyo bluu, shemeji. Hiyo si bluu ya bure."

Nilikuwa na pasi mkononi. Nikatazama. Ilikuwa bluu.

Kisha akauliza kama chombo bado kipo. Chombo! Miezi minane tangu tukuzike, mke wangu, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kukanyaga dukani kwangu. Hakuuliza nalalaje. Hakumuulizia binti yetu. Nikasema kipo. Mashati yake nimeyanyoosha vizuri hata hivyo, kola zimesimama. Shati halina kosa.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ni siku yenu ya mazoezi, kwa hiyo huwa naiwasha Alkona jioni kabla ya kula. Sipigi kitu. Natazama taa tu. Iko palepale chini ya dirisha, nimeifunika ile shuka ya maua, shuka pekee niliyowahi kuiunguza tangu nianze kazi hii, nawe ukakataa isitupwe.

Leo skrini imeandika kwamba betri iko chini.

Najua maana yake, ulinieleza mwenyewe. Sauti ulizotengeneza wewe zinashikiliwa na betri moja ndogo, sawa na kifungo cha shati. Betri ikifa, zinapotea, na kinanda kinabaki na zile kilizotoka nazo kiwandani, zile ambazo ulikuwa ukisema zinanukia plastiki. Mara ya mwisho ulibadilisha mwenyewe, umeme ukiwa umewashwa ili sauti zisimwagike, mimi nikishika tochi. Ukaniambia nisipumue. Sikupumua.

Arobaini na tatu. Nimezihesabu leo. Kila moja ina jina fupi, maana skrini haipokei zaidi ya herufi nane. MVUA 2. JIKONI. MJOMBA, ile inayokoroma. Na PASI—ulikaa dukani mchana kutwa umefumba macho, unasikiliza chuma kikipita juu ya nguo mbichi, mpaka mteja mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama mke wangu anaumwa.

Kanda uliyozinakilia ililiwa na redio kaseti yetu, na redio yenyewe ikafuata. Binti alinasa mbili tatu kwa simu mwaka jana. Lakini hiyo ni kama picha ya mtu. Huwezi kuiambia picha igeuke.

Ijumaa, 7 Machi

Binti amenionyesha video ya Profesa. Dakika ishirini na sita! Picha ni ileile moja.

Amepima kivuli kwa rula. Amechora mistari myekundu. Amesema tarehe 21 si bahati, ukijumlisha tarakimu unapata tatu, na Alkona ya kwanza ilikuwa na miguu mitatu. Ilikuwa na minne, Vidole. Nimeibeba ngazi nne za ukumbi kila mwisho wa wiki kwa miaka kumi na tisa. Minne.

Chini ya video watu wanatukanana. Mmoja anasema ni bluu ya bahari, mwingine anamwambia akapimwe macho. Watu wazima, wana familia zao. Mmoja ameandika kwamba hakulala.

Mwishoni akasema kwenye bendi yao ya zamani "kulikuwa na mpigaji mmoja aliyekuwa na Alkona." Mpigaji mmoja. Jina hakulitaja. Wewe uliyekuwa ukimwekea noti sahihi mbele yake, wimbo baada ya wimbo, maana yeye alikuwa hajui wimbo umefika wapi.

Binti akazima simu. Akasema, baba, usijitese. Nikamwambia sijitesi, najifunza kuhusu miguu mitatu.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Nimeiwasha, taa zipo, onyo lipo. Nimezima haraka. Halafu nikajiuliza kama kuwasha kunaila betri au kunaiokoa. Hili hukunieleza.

Jumatano, 12 Machi

Wamekuja nyumbani saa kumi, Profesa na Kiongozi wa bendi. Kiongozi amezeeka. Alisimama mlangoni akavua kofia, akanipa pole kama mtu, nikamkaribisha kwa moyo mmoja.

Wanaitaka Alkona kwa siku mbili. Tarehe 21, kampuni ikishatangaza, Profesa ataiweka ya zamani mezani na kuzungumza. Nikasema hapana, betri ni mbovu. Kiongozi akasema wataibeba kama yai, na kwamba jina lako litatajwa mwanzo na mwisho. Alisema jina lako kamili, lile la kwenye cheti cha ndoa. Sijalisikia mdomoni mwa mtu tangu siku ya mazishi. Nikalainika. Unanijua.

Nikakubali. Nikaikunja shuka mwenyewe. Walikuwa wameshaiinua, Profesa upande mmoja, Kiongozi upande mwingine, wako karibu na mlango, na Profesa anaongea tu, mdomo wake hauna breki hata akiwa na mzigo. Akasema jambo la kwanza ataisafisha. Nikasema nimeshaifuta vumbi. Akacheka. Si vumbi, shemeji. Atairudisha kama ilivyotoka kiwandani, afute makorokoro yote yaliyomo, ili ulinganisho uwe wa haki.

Makorokoro.

"Iteremsheni," nikasema.

Wakadhani natania. Nikaweka mikono yote miwili juu yake. Mikono ya dobi, Vidole, haihisi moto siku hizi. Kiongozi akateremsha upande wake kwanza. Profesa akaniambia nisiwe mshamba, ile mpya itakuja na sauti elfu mbili. Nikamuuliza kama itakuja na MJOMBA. Akamwangalia Kiongozi kama mtu anayeomba shahidi.

"Sauti ni sauti, shemeji."

Miaka kumi na tisa alisimama hatua tatu kutoka kwako. Masikio anayo, yako pande zote mbili za kichwa, yanashikilia miwani.

Kiongozi alirudi baada ya dakika tano, peke yake, kuomba radhi. Alikuwa amesahau kofia pia.

Alhamisi, 13 Machi

Kuna video mpya ya Profesa. Ndani yake mimi ni "baadhi ya watu wanaokalia historia." Nimekalia stuli tangu alfajiri, nina mashuka arobaini ya nyumba ya wageni.

Mashati yake yapo kwenye kamba, hajayachukua. Nimeyaning'iniza vizuri.

Jumatatu, 17 Machi

Nimempata fundi redio. Kibanda chake kiko mtaa wa nyuma, kati ya kinyozi na mshona viatu. Mkono wake ni mtulivu, nilimtazama akilehemu waya mwembamba kama unywele huku akila karanga. Anasema kazi ni nusu saa. Kinanda kiwe kimewashwa, akate betri ya zamani, aunge mpya, umeme ndio ushikilie kila kitu katikati. Ndivyo ulivyofanya wewe, kwa hiyo nikamwamini.

Betri ya aina hiyo ameagiza, itafika Alhamisi. Tufanye Ijumaa mchana. Ijumaa ni tarehe 21. Nikataka kumuuliza kama hakuna siku nyingine, lakini nikaona aibu. Nimefikia kuogopa tarehe, kama wao!

Halafu, nikiwa naaga, akaniuliza kama nimeiona ile bluu.

Hata yeye. Anafikiri ni fremu ya chuma. Mshona viatu naye akadakia kutoka huko nje kwamba ni mbao iliyopakwa rangi. Mshona viatu! Hajawahi kugusa kinanda maishani, lakini msimamo anao.

Jumatano, 19 Machi

Skrini ilichelewa kuwaka leo. Kidogo tu, kama mtu anayetafuta neno. Kisha ikawaka. Arobaini na tatu, zote zipo.

Ulikuwa ukija dukani siku za baridi kabla ya onyesho, unaweka viganja juu ya shuka niliyotoka kuinyoosha, unasema vidole vimeamka, unaondoka. Shuka ya mteja. Nilikuwa nainyoosha tena, sikuwahi kukuambia.

Ijumaa, 21 Machi

Naandikia kibandani kwa fundi redio. Naandika kwa mkono mmoja. Wa kushoto una kazi.

Nieleze kwa utaratibu. Tumeifikisha saa saba, mimi na mwenye mkokoteni. Fundi akaifungua. Ndani ni safi, kuna unywele wako mmoja umejisokota kwenye skrubu, nimeuacha. Akaiwasha. Ikawaka kwa shida. Akakata betri ya zamani, mguu mmoja, mguu wa pili, skrini ikabaki inawaka. Umeme ndio umezishika sasa. Zote. Hakuna kitu kingine.

Ndipo tukaona soketi imelegea. Plagi inacheza. Ukiiachia inainama, taa zinafifia. Fundi akasema shika hapo mzee, usukume kidogo juu, dakika kumi tu. Nimeshika. Nimepiga goti, daftari liko juu ya goti lingine.

Akachukua betri mpya, akaipangusa. Chuma chake cha kulehemu kilikuwa bado hakijapata moto vizuri. Hapo hapo kwa kinyozi wakapiga kelele kwamba inaanza. Kuna skrini kubwa kule, Profesa yupo, nasikia sauti yake, amekuja kutangazia mtaa. Fundi akaniangalia. Akasema chuma kipate moto, anachungulia mara moja.

Betri iko mezani. Naiona. Sifiki.

Kwanza walishangilia. Nimesikia jina, limesomwa kwa sauti kubwa: Alkona! Profesa akapiga ukelele kama aliyemzaa mtoto. Meza yote ikatikisika kwa watu kuruka upande wa pili wa ukuta, nikasukuma plagi kwa nguvu zangu zote.

Kisha kimya.

Halafu mshona viatu, taratibu, akauliza kama hilo ni begi.

Ni begi, Vidole. Begi la bluu la kubebea kinanda. Jina la Alkona limeshonwa mfukoni. Ile kona ilikuwa mshono. Wiki tatu, rula, mistari myekundu, wanaume hawalali—mshono wa begi!

Nimecheka peke yangu, kidogo, mkono usitikisike.

Nikadhani sasa watatawanyika kwa aibu, fundi arudi. Wapi! Profesa ameshapata nguvu mpya. Anasema kampuni haiwezi kutengeneza begi bila kitu cha kuweka ndani, begi ndilo ushahidi wenyewe. Sasa wanalipima. Wanabishana urefu wake, mtu ameomba rula ya kinyozi. Fundi wangu anasema kwa zipu ya aina ile, lazima kilichomo kiwe kizito. Nimemwita. Nimemwita tena. Amejibu nakuja mzee, na ameendelea na zipu.

Chuma kimepata moto zamani, kinatoa moshi peke yake. Simu yangu iko kwenye koti, koti liko mlangoni. Mwenye mkokoteni ameondoka. Taa za kibanda zimecheza mara moja sasa hivi, sijui ni soketi au ni mtaa mzima. Skrini bado inawaka. Nimeikazia macho, na napumua polepole.

Wanasema wanarudia kuangalia tangu mwanzo.

Mkono umeanza kufa ganzi mpaka kwenye kiwiko, sitaubadilisha, siwezi kubadilisha bila kuachia. Nafunga daftari ili na huu mwingine ushike plagi. Huko uliko, mke wangu, nikumbuke.